Wanaume thelathini na damu ya ziwani

Tarehe 6 Februari 1954, jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala fupi ya daktari kijana aliyeitwa Anthony Allison. Ndani yake wamo wanaume thelathini, wote Wajaluo, wote wazima wa afya, ambao kwa muda usiopungua miezi 18 walikuwa wameishi mbali na mbu wa kwao. Kumi na tano walibeba jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kumi na tano hawakuwa nayo. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi huko Nairobi, ama kwa kuumwa na mbu, ama kwa kudungwa damu yenye vijidudu. Majina yao hayakuandikwa.

Nimewafikiria wanaume hao kwa miaka mingi. Mimi ni mtu wa maabara, sasa nimestaafu, na kwangu ni Nyamasaria, pale barabara ya Nairobi inapoingia Kisumu. Mvua za masika zikizidi, mto unavunja kingo, maji yanaingia viwanjani, na yakishuka yanaacha madimbwi yaliyojaa viluwiluwi wa mbu. Watu wa hapa wameishi na malaria tangu mababu, na malaria hiyo imeacha alama yake ndani ya damu yetu. Aliyeisoma alama hiyo kwanza ni Allison, na aliisoma kwenye damu ya watu wa ziwa hili la Victoria.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia shambani Gilgil. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Yeye alikwenda akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali, na akaona jambo lililomshangaza: pwani na huku ziwani, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na jeni ya selimundu, ilhali nyanda za juu na sehemu kame hata mmoja katika mia alikuwa haba. Uganda nako, watafiti Lehmann na Raper walikuwa wamekwisha kuona kwamba kiwango hicho hupanda na kushuka kutoka kabila hadi kabila. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, siku zile aghalabu alikufa kabla ya kwenda shule. Basi jeni inayoua watoto namna hiyo imedumuje? Allison aliondoka na swali hilo, akamaliza masomo ya udaktari, akarudi mwaka 1953 kulijibu.

Jibu likaja kwa wale thelathini. Kati ya kumi na tano wasiokuwa na jeni, kumi na wanne walipatikana na vijidudu vya malaria kwenye damu. Kati ya kumi na tano waliokuwa nayo, ni wawili tu. Baada ya siku arobaini za kuangaliwa, walipewa dawa ya kumaliza vijidudu. Allison alipima pia watoto 290 wa Kiganda, na wale wenye jeni moja wakaonekana na malaria kwa uchache kuliko wenzao. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameonyesha, kwa binadamu na kwa ugonjwa unaojulikana, jinsi maradhi yanavyochagua nani aishi azae na nani asiishi.

Mwaka uliofuata makala ya Allison, Wamarekani walijaribu jambo kama hilo kwa watu wao wasione tofauti yoyote, na mabishano yakaendelea. Kwangu mimi neno la mwisho lilitoka Asembo, ng'ambo ya Kisian, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa CDC ya Marekani walifuatilia watoto tangu kuzaliwa katika miaka ya 1990. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2002: mtoto wa Asembo mwenye jeni moja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuepuka kifo kati ya miezi miwili na miezi kumi na sita, umri ule ule ambao malaria na upungufu wa damu huwamaliza watoto wetu. Hakudungwa mtu malaria safari hii. Mama alielezwa kwa Kijaluo, akauliza maswali yake, akaweka sahihi au dole gumba. Baina ya Nairobi ya 1953 na Asembo ya 1992 ulimwengu ulikuwa umejifunza kuomba ruhusa kwa maandishi, na ninaihesabu hatua hiyo kuwa kubwa sawa na ugunduzi wenyewe.

Kipimo cha zamani cha selimundu, alichokitegemea Allison, ndicho nilichofundishwa nilipoanza kazi. Unachanganya metabisulfiti ya sodiamu na maji, asilimia mbili, asubuhi ile ile, maana ikilala haifai. Unaweka tone la damu juu ya slaidi, unalichanganya na dawa, unafunika kwa kioo chembamba, kisha unaziba kingo kwa vaselini ili hewa isipenye. Unasubiri. Chembe nyekundu ambazo ni mviringo zinaanza kurefuka na kuchongoka ncha, mpaka uwanja mzima wa darubini umejaa mundu. Ukiwa kijana unajiona umeshika siri ya maumbile. Lakini kipimo hicho kina upungufu mkubwa: hakimtenganishi mwenye jeni moja na mwenye mbili. Aliye mzima anayeweza kuishi hadi uzee na mtoto aliye hatarini wanatoa picha zinazofanana. Bila mashine ya kutenganisha hemoglobini kwa umeme, jibu lako ni nusu jibu, na ziko nyumba nyingi za tambarare yetu ya Kano zilizopewa nusu jibu hilo zikalia au zikafurahi bure.

Mama mmoja wa huku Nyamasaria alisimama mlangoni pangu, mtoto mgongoni, macho ya mtoto manjano, vidole vimevimba kama vya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Daktari, huyu ni wa tatu," akasema. "Wale wawili niliwazika. Wazee wanasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko."

Mimi si daktari, lakini huku kila anayevaa koti jeupe huitwa hivyo. Nilimwambia, "Mama, hamjavunja mwiko wowote. Ni damu yako na damu ya baba yake zimekutana." Aliketi kwenye benchi akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo wanasayansi wote wa kwenye makala hawakuwa wamemjibu mtu kama yeye: "Sasa dawa ni gani?"

Wazee wetu walikuwa na dawa yao. Mtoto akizaliwa baada ya ndugu zake kufa mfululizo, alitolewa nje akalazwa kana kwamba ametupwa, kisha mama mzee akapita akamwokota. Akaitwa Owiti, na wa kike Awiti. Kina Owiti ni wengi sana ukanda huu. Siwezi kusema kila nyumba ilikuwa na selimundu, kwani malaria na surua pia zilizika watoto. Ila utafiti uliofanywa Nyando, jirani zetu hapa, ulikuta takriban mtoto mmoja katika sita ana jeni moja, na wapatao mmoja na nusu katika mia wana mbili. Ukijua hesabu hiyo, unayasikia majina hayo kwa sikio jingine.

Iliyokuwa hospitali kubwa ya mkoa, tunayoiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa Oktoba 1969. Wodi zake ziliona si selimundu tu. Watoto waliletwa taya zimevimba kwa saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, saratani ya chembe za damu inayoandamana na malaria. Ni katika uvimbe wa watoto wa Uganda ndimo watafiti Epstein, Achong na Barr walimokuta kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, mwaka 1964. Na ni kwa watoto wa Kampala na Nairobi ndiko madaktari walikothibitisha mapema kwamba saratani inaweza kuyeyuka kwa dawa pekee: methotreksati na saiklofosfamaidi. Hiyo saiklofosfamaidi leo ni mojawapo ya dawa wanazopewa wagonjwa wa amiloidosisi, ambao uboho wao hutoa protini mbovu inayotuama moyoni na kwenye figo. Wagonjwa hao, wawe London au Boston, wanawiwa kitu na watoto wa Afrika Mashariki, na sijasikia wakiambiwa.

Turudi kwa swali la yule mama. Dawa ilikuwapo. Haidroksiurea ilionyesha nguvu yake kwa wagonjwa wa Marekani mwaka 1995, ikaidhinishwa huko 1998. Afrika tuliambiwa tungoje, maana huenda ikawazidishia watoto malaria. Tulingoja miaka ishirini. Ndipo ukaja utafiti wa REACH, uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, matokeo yakatoka Desemba 2018. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kuongezwa damu kulishuka hadi theluthi. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto mia kwa mwaka. Na malaria yenyewe, ile tuliyotishiwa nayo, ilipungua kwa nusu. Nilisoma makala hiyo nikaweka miwani chini, nikahesabu wodi nilizozijua.

Homa Bay nako watoto 246 wenye selimundu waligawiwa dawa tofauti za kuzuia malaria ili ijulikane ipi inafaa, na malaria ikawa chache katika makundi yote. Vituo vya Kenya vilishiriki pia kujaribu voxelotor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kisha ikaondolewa sokoni na Pfizer mwaka 2024 kwa wasiwasi wa usalama. Silalamiki kwa hilo. Dawa hujaribiwa ili ijulikane, na kujua kwamba haifai ni kujua. Ninacholalamikia ni kingine. Jirani yangu mmoja mwanawe alikuwa katika utafiti fulani, akapewa dawa, akaacha kulazwa, akarudi darasani. Utafiti ukafungwa, vitabu vikafungwa, na dawa ikawa ya kununua. Haikupita muda mtoto akarudi wodini. Tiba ya kurekebisha jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, wakati huo iliwekewa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani. Kidonge cha haidroksiurea ni cha bei ndogo mno ukilinganisha, na bado kinamshinda mwuza samaki wa Nyamasaria.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka wa kaunti na wa Nairobi: kila mtoto anayezaliwa ukanda huu wa ziwa apimwe selimundu kabla hajatoka hospitalini, kwa vipimo vya kijiti ambavyo sasa vinatoa jibu kamili kwa dakika chache. Haidroksiurea iwekwe kwenye zahanati kama zinavyowekwa dawa za malaria, na kila utafiti unaokuja hapa uandike katika mkataba wake nani atanunua dawa siku ya kufunga. Nawe mzazi unayesoma, kama mtoto wako huvimba vidole, macho yakawa manjano, au anaishiwa damu mara kwa mara, mpeleke apimwe wiki hii, na usikubali jibu lisilotaja kama ni jeni moja au mbili.