MARCO DORIGO: Jamaa aliyeifundisha kompyuta njia za sisimizi

Wanaosoma kompyuta vyuoni kila siku wanakutana na algoriti za sisimizi, nyuki, popo na mbwa mwitu. (Algoriti ni maelekezo ya hatua kwa hatua ambayo kompyuta inayafuata, wala sio kitu cha kutisha.) Leo nawaletea mwenye sisimizi wake.

Marco Dorigo alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1961. Udaktari wake aliupata mwaka 1992 hapo hapo Milan, kwenye Politecnico di Milano, na mfumo wa sisimizi aliuanza pamoja na Alberto Colorni na Vittorio Maniezzo. Baadaye akahamia Ubelgiji, kwenye maabara ya IRIDIA ya Université Libre de Bruxelles, na huko ndiko jina lake lilikokua.

Tatizo lenyewe ni hili. Chukua lori linaloanzia Tabora mjini, lipite Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua, Sikonge na vituo vingine mpaka jumla viwe 10, halafu lirudi. Mizunguko inayowezekana ni 181,440. Vikifika vituo 15, ni zaidi ya bilioni 43. Vikifika 50, hakuna kompyuta duniani itakayomaliza kujaribu mmoja mmoja.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Brussels, Jean-Louis Deneubourg na wenzake waliwawekea sisimizi madaraja mawili kati ya kiota na chakula, moja fupi, jingine refu. Sisimizi akitembea anaacha harufu, wataalamu wanaiita feromoni. Waliopita daraja fupi wanawahi kurudi, harufu inarundikana upande wao, wenzao wanaifuata. Baada ya muda karibu wote wako daraja fupi, na hakuna bosi aliyetoa amri.

Sisi wa huku tunalielewa hili haraka. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Unyanyembe mpaka Ujiji haikuchorwa na injinia. Ilikanyagwa na nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Palipokuwa na maji na chakula palipitwa zaidi, na palipopitwa zaidi ndipo palipoonekana ni njia.

Ila kuna ubaya wake. Watafiti walipochelewa kulifungua daraja fupi, sisimizi wakiwa wameshazoea lile refu, wengi waling'ang'ania refu. Harufu ya zamani iliwafunga. Hapa ndipo namvulia kofia Dorigo: kwenye programu yake harufu inayeyuka upesi. Kila mzunguko njia zote zinapunguziwa harufu, kisha zile fupi zinaongezewa. Yaani bila kusahau, kompyuta inaganda kwenye jibu la kwanza ililoliona. Mnakumbuka mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji? Stanley alitoka Tabora Septemba akazunguka kwa kusini, Novemba akawa Ujiji. Ukiishikilia njia ya mazoea ukiwa na Mirambo mbele, hufiki.

Mwaka 1997 Dorigo na Luca Maria Gambardella wakaiboresha algoriti hiyo. Mwaka 1998, na Gianni Di Caro, wakatoa AntNet ya kuelekeza data kwenye mitandao. Kitabu alichoandika na Thomas Stützle kilitoka 2004. Kati ya 2001 na 2005 aliongoza mradi wa Swarm-bots, roboti ndogo zinazoshikana ili zivuke shimo ambalo moja peke yake haivuki.

Baada ya sisimizi kupata jina, kila mtu akaja na mnyama wake. Wengine wangefurahia kuigwa. Mwaka 2020 Dorigo, Stützle na Christian Camacho-Villalón walichambua algoriti za mbwa mwitu, vimulimuli na popo, wakaonyesha hazina jipya: ni mawazo ya algoriti ya kundi la chembe, iliyotoka 1995, yakavishwa ngozi ya mnyama. Kwa hiyo wewe unayeandika projekti ya chuo, futa kwanza majina ya wanyama, usome hesabu iliyobaki. Watu hao hao mwaka 2018 waliipitia hivyo algoriti ya "matone ya maji yenye akili". Walichokikuta ni sisimizi wale wale, wamebadilishiwa jina tu.