Vinyweleo vya mizizi: jinsi mmea unavyopata maji na virutubishi

Msimu wa mvua unapokaribia, wakazi wengi wa Kampala na viunga vyake hununua miche ya kahawa, matunda na mboga katika vitalu vya kando ya barabara. Baadhi ya miche hiyo hunyauka siku chache baada ya kupandwa, ingawa humwagiliwa asubuhi na jioni. Mara nyingi chanzo ni vinyweleo vya mizizi vilivyokatika mche ulipong'olewa.

Kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyorefuka na kupenya katikati ya chembe za udongo. Kwa kawaida urefu wake hauzidi milimita chache, na hufa baada ya siku au wiki kadhaa, huku vipya vikiota karibu na ncha ya mzizi unaokua. Udogo huo hufidiwa na wingi: mwaka 1937, mtaalamu wa mimea wa Marekani, Howard Dittmer, alikadiria kwamba mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, ulikuwa na vinyweleo takriban bilioni 14 ukiwa na umri wa miezi minne.

Maji huingia kwa osmosisi. Kwa kuwa umajimaji wa ndani ya seli una chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni, maji huvuka utando wa seli na kuelekea kwenye mirija inayoyapandisha hadi majanini. Virutubishi vingi, kwa upande wake, huvutwa kwa nishati ambayo seli huipata kwa kutumia oksijeni. Ndiyo maana mahindi yaliyopandwa mahali panapotuama maji hugeuka manjano na kudumaa: mizizi yake hukosa hewa.

Kazi ya vinyweleo huonekana zaidi katika udongo mwekundu wa maeneo mengi ya Uganda. Madini ya chuma na alumini yaliyomo humo huishika fosforasi, nayo husogea kwa shida sana. Mzizi humaliza upesi ile iliyo jirani, kisha vinyweleo huifuata iliyo mbali kidogo.

Kwa sababu hizo, mche uhamishwe pamoja na udongo wake, bila kuutikisa, na upandwe jioni au siku ya mawingu. Matandazo ya majani makavu huhifadhi unyevu wakati vinyweleo vipya vinapoota. Mbolea ya viwandani isirundikwe kwenye mizizi, kwani chumvi nyingi huyavuta maji kutoka ndani ya seli na kuuunguza mche. Mkulima husema mche “umeshika” unapotoa jani jipya. Chini ya ardhi, vinyweleo vimekwisha kuanza kazi.