Nani Alimfundisha Fundi wa Kamuli?

Katika karakana moja ya Kamuli, fundi anakereza shafti ya mashine ya kukoboa kahawa. Chuma kinazunguka, vipande vyembamba vinajikunja na kudondoka sakafuni. Anazima mashine, anapima kwa kalipa, kisha anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shafti. Kalipa imekubali, ukucha umekataa. Anawasha tena. Namuuliza ufundi ameupata wapi. "Ni wa damu, mwalimu," ananijibu bila kuinua kichwa. "Sisi ni uzao wa wahunzi wa mfalme." Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wengi wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na daima hutolewa kwa fahari. Lakini damu inaweza kumfundisha mtu kusoma kalipa?

Nikaamua kulifuata jibu hilo hadi lilikoanzia. Njia inapita Bweranyange, yalikokuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Novemba 1861 msafiri mmoja Mwingereza alipokewa huko na Mfalme Rumanyika. Kitabu chake, kilichochapishwa 1863, kinataja hazina ya vyuma aliyoonyeshwa, wakiwemo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Nilifurahi, nikadhani ushahidi ndio huo. Kisha nikaisoma sentensi hadi mwisho. Anasema ng'ombe hao walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara, ili kumburudisha mfalme. Mhunzi Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, hatajwi. Je, fahari ya Kamuli imejengwa juu ya kazi ya wageni?

Masimulizi ya wenyeji yanapinga. Yanasema aliyevifua vyuma hivyo ni Ndagara, baba yake Rumanyika, mfalme aliyekuwa mhunzi. Nimezipima kauli zote mbili. Msafiri alikaa majuma machache, akisikiliza kupitia mkalimani. Wafanyabiashara wa Kafuro waliishi kwa nguo, shanga na pembe za ndovu, si kwa mivukuto. Na nyundo ilikuwa alama ya ufalme katika dola nyingi za Maziwa Makuu, kabla misafara ya pwani haijafika. Ardhi ya Karagwe nayo inatoa mavi ya chuma, masalia ya tanuri za kale. Hapo wenyeji wana nguvu zaidi. Hata hivyo, sifa za mfalme hubeba jasho la watu wengi. Ndagara huenda alishika nyundo kweli; aliyechimba mawe ya chuma, aliyechoma mkaa na aliyevukuta usiku kucha, majina yao yako wapi?

Kitabuni hayamo. Nikageuka mashariki, hadi nchi ya Wahaya, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri ya kuyeyusha chuma: udongo wa kichuguu, shimo lililojazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya moto. Mwaka 1978 watafiti wakatangaza kwamba chuma kiliyeyushwa eneo hilo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba joto la tanuri lilivuka nyuzi 1,800. Tangu hapo hadithi imekua, na leo utaambiwa Wahaya waliitangulia Ulaya yote kwa chuma cha pua. Mimi nasita. Joto lile lilipimwa 1976, si enzi hizo za kale, na wataalamu wengine wamebishia maelezo yake. Kilichonishika ni jambo jingine. Wazee wale walikuwa wamekaa miongo kadhaa bila kuyeyusha chuma, na majaribio yao ya kwanza yalishindwa. Walibishana, wakakumbushana, wakajaribu tena. Kama ufundi ni damu, kwa nini wahunzi wenyewe walihitaji kuukumbuka?

Kilichozima tanuri zile ni chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo. Lakini kuyeyusha kulipokufa, kufua kuliendelea: mhunzi alichukua chuma kikuukuu akakigeuza jembe au kisu. Na miaka ya 1920 madini ya bati yakaanza kuchimbwa Kyerwa. Mgodi hauendi bila mtu wa kunoa patasi na kunyoosha vyuma. Nikadhani nimekipata kiungo: mhunzi ameingia karakana ya mgodi. Nikazisaka ripoti za zamani. Zinahesabu tani za bati. Mnoaji wa patasi hazimhesabu. Njia ikafungwa hapo. Au tangu mwanzo nilikuwa nimeuliza swali lisilo lenyewe?

Nikarudi Kamuli. Safari hii sikuuliza ukoo. Niliuliza, "Nani alikushikisha chuma mara ya kwanza?" Fundi akazima mashine, akakaa juu ya kreti. Alianza kama utingo wa lori, akitambaa chini ya injini kumpa dereva spana. Kuchomelea alijifunza Mwanza, akimshikia mtu mwingine vyuma. Kukereza alifundishwa na mzee aliyewahi kufanya kazi mgodini. Baadaye sana alipimwa VETA, chombo cha mafunzo ya ufundi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambacho siku hizi hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Katika mnyororo wote huo hakuna ndugu yake hata mmoja. "Na babu mhunzi?" Akanyamaza kidogo. "Babu alimvukutia jirani, mwalimu. Mhunzi alikuwa jirani." Je, uzao wa mvukutaji si uzao wa wahunzi?

Mimi nasema ni uzao wao, ila si kwa damu. Ufundi hupita mkono kwa mkono, hukatika, na huungwa tena na yeyote anayekubali kushindwa mara ya kwanza, kama wazee wa 1976. Hazina ya Bweranyange ilipitia mikono ya wavukutaji ambao hakuna aliyewaandika. Wa leo tunaweza kuwaandika, kama tukiuliza vizuri. Nilipokuwa naaga, fundi alimwita kijana aliyekuwa anafagia, mtoto wa watu baki. Alimshika kidole gumba, akakiweka juu ya shafti, akakisogeza taratibu.

"Unasikia nini?"