Kwa nini gemu ndogo inaweza kunoga kuliko gemu kubwa?

Msikilizaji wetu, pita stendi ya Makambako wakati watu wanasubiri gari la Njombe au Songea, utakuta vijana wengi wameinamia simu. Wapo wanaoamini kuwa gemu tamu lazima iwe na picha kali na simu ya bei kubwa. Tuangalie kama ni kweli.

Mchezo wa nyoka

Mchezo huu uliingia kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Aliyeuandika ni mhandisi wa Finland, Taneli Armanto. Baadaye wengi tuliujua kupitia Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi. Haukuwa na rangi wala haukuhitaji intaneti.

Utamu wake uko kwenye sheria: nyoka anakula, anarefuka, na asijigonge. Ukicheza vizuri mchezo unazidi kuwa mgumu, maana mkia wako mwenyewe ndio unaokuzibia njia. Ukifa unajua ulipokosea, na unaanza tena papo hapo.

Tetris nayo ni hivyo hivyo. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwa kompyuta isiyoweza kuchora picha, akapanga vipande kwa alama za mabano. Hata bao letu lina mashimo 32 na kete 64 tu, lakini wazee hucheza mpaka giza linaingia.

Watu wachache wanaweza

Gemu ndogo haihitaji kampuni kubwa. Lual Mayen wa Sudan Kusini alijifunza kutengeneza gemu akiwa kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kwa kompyuta aliyonunuliwa na mama yake baada ya kudunduliza fedha kwa miaka. Gemu yake, Salaam, inamweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayekimbia vita.

Kabla ya kupakua

Gemu nyingi kubwa hula bando, chaji na nafasi ya simu, kisha hukutaka ununue vitu ndani yake. Kwa hiyo angalia kwanza ukubwa wa gemu. Ukishaipakua, zima data uifungue: ikicheza bila intaneti, unaweza kuicheza data ikiwa imezimwa bila kula bando lako. Na wewe mzazi, mtoto akishika simu yako, namba ya siri ya pesa ibaki kuwa yako peke yako.