Mashabiki wa Kufuata Upepo na Mashabiki wa Damu: Red Sox na Yankees

Katika besiboli ya Marekani, watani wa jadi wanaojulikana zaidi ni Boston Red Sox na New York Yankees. Utani huo hupewa chanzo chake katika mauzo ya Babe Ruth, yaliyotangazwa Januari 1920. Kuanzia hapo Yankees walitwaa ubingwa mara 26 kufikia mwaka 2000, na Boston, mabingwa wa 1918, hawakuupata tena hata mara moja. Ndipo watu wa Boston wakajijengea sifa: sisi tunapenda timu hata ikifungwa, wale wa New York wanapenda vikombe.

Sifa hiyo ni tamu, lakini hesabu za milangoni haziiungi mkono. Tarehe 16 Septemba 1965, katika uwanja wa Fenway, mrushaji wa Boston Dave Morehead alicheza mechi nzima dhidi ya Cleveland bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni kwa pigo halali. Ni jambo ambalo shabiki anaweza kulisubiri maisha yake yote. Waliolishuhudia walikuwa 1,247, katika uwanja wa kuchukua watu zaidi ya 30,000. Msimu huo timu ilipoteza mechi 100. Watu hao waaminifu walikuwa wapi?

New York nao hawana la kuwacheka. Mwaka uliofuata Yankees walimaliza mkiani, nafasi moja chini ya Boston, na tarehe 22 Septemba walioingia uwanjani walikuwa 413. Mtangazaji Red Barber aliomba kamera zionyeshe viti vitupu, akakataliwa; aliwaeleza watazamaji hali ilivyo kwa maneno. Siku chache baadaye aliarifiwa kwamba mkataba wake hautaendelezwa.

Mwaka 1967 upepo uligeuka. Red Sox walishinda ligi yao siku ya mwisho ya msimu, na watazamaji wa Fenway, ambao mwaka 1965 walikuwa 652,201, wakafika 1,727,832. Kwa maana kali ya neno, zaidi ya nusu yao walifuata upepo. Lakini wengi walibaki. Walikuwapo mwaka 2003, Aaron Boone wa Yankees alipowatoa machozi katika mechi ya saba, na mwaka 2004, timu yao iliponyuma kwa mechi tatu bila kwa Yankees ikashinda nne mfululizo, kisha ikatwaa ubingwa baada ya miaka 86. Siku zile familia zilipeleka bendera na magazeti kwenye makaburi ya wazazi na mababu.

Baada ya hapo tiketi zikawa adimu, na wageni wakabandikwa jina la "kofia za waridi", kutokana na kofia za rangi hiyo zilizouzwa sana. Kwa maoni yangu jina hilo halikuwa la haki, kwani liliwaangukia wanawake na vijana, kana kwamba mwanamume mwenye kofia ya buluu hawezi kuwa mgeni. Tena baadhi ya waliolitamka ndio wale walioingia Fenway kwa mara ya kwanza mwaka 1967, timu ilipoanza kushinda.