Kingamwili kutoka Kikwit: dawa ya Ebola iliyokuwa ng'ambo ya mpaka wa Bwera

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba mtoto wa kiume wa miaka 5 alikuwa ameambukizwa virusi vya Ebola. Familia yake ilikuwa imeingia wilayani Kasese kupitia Bwera, ikirejea kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mama wa mtoto huyo alikwenda kumuuguza baba yake mzazi. Mtoto alipelekwa katika Hospitali ya Kagando, wahudumu wakaishuku Ebola, naye akahamishiwa katika kituo maalumu cha matibabu kilichokuwa Bwera. Hakuishi. Bibi yake wa miaka 50 alifariki hapohapo Bwera, na mdogo wake wa miaka 3 akafariki Kongo baada ya jamaa kurejeshwa huko kwa makubaliano ya serikali za nchi mbili.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, saa chache za barabara kutoka Mpondwe, dawa nne za Ebola zilikuwa zikijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mbili kati yake zilikuja kuthibitika kuokoa maisha. Moja ya hizo mbili, iliyoitwa mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit mwaka 1995, na historia yake haitenganishiki na kazi ya mwanasayansi mmoja wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum.

Kutoka Yambuku hadi Kikwit

Muyembe alisomea udaktari Kinshasa na kupata shahada ya uzamivu katika fani ya virusi nchini Ubelgiji, kisha akarejea nyumbani katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, kuchunguza ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukiua watu katika hospitali ya misheni. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glovu. Alipochomoa sindano, damu iliendelea kuchuruzika mahali ilipochoma, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mtawa aliyekuwa mgonjwa akasafiri naye hadi Kinshasa, na sampuli zikapelekwa Antwerp. Ndipo dunia ilipokifahamu kirusi kilichopewa jina la mto Ebola.

Miaka 19 baadaye Ebola ilizuka Kikwit na kuwashika watu 315. Tiba haikuwapo. Muyembe na wenzake waliamua kuwaongezea wagonjwa 8 damu iliyotolewa na watu waliokwisha kupona, 7 walinusurika. Wanasayansi wa nje waliyapokea matokeo hayo kwa mashaka, na mashaka yao hayakuwa ya bure: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda baadhi ya wagonjwa walikuwa tayari wameanza kupata nafuu. Hata hivyo wazo lilibaki. Kama damu ya aliyepona ina kitu kinachokizuia kirusi, basi kitu hicho kinaweza kutafutwa, kutenganishwa na kutengenezwa kwa wingi.

Miaka 11 baada ya mlipuko huo, manusura mmoja wa Kikwit alitolewa damu tena. Chembe zake za kinga zilikuwa bado zinaikumbuka Ebola. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Nancy Sullivan, pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti ya Bellinzona nchini Uswisi, walizichambua chembe hizo hadi wakapata kingamwili moja yenye nguvu ya pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, nyani walioambukizwa Ebola waliponea kwa kingamwili hiyo peke yake, hata ilipoanza kutolewa siku ya tano baada ya maambukizi.

Kisu kilichofichwa alani

Ili kuelewa kwa nini kingamwili hii ilifaulu, ni lazima kuitazama protini inayolengwa nayo. Vitabu vya shule huichora protini kama umbo lisilobadilika, lakini sivyo ilivyo. Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja, nao hutikisika, hufunguka na kujipanga upya kila hali inayouzunguka inapobadilika. Tabia hiyo ndiyo inayozifanya protini zitende kazi mwilini, na ndiyo inayovifanya virusi viweze kuingia ndani ya chembe hai.

Juu ya ganda la kirusi cha Ebola kuna protini moja tu inayojitokeza nje, ikiwa imejipanga kwa vipande vitatu vinavyofanana. Inaitwa glaikoprotini kwa sababu imefunikwa na sukari nyingi. Sukari hizo ni kama ala ya kisu. Sehemu ambayo kirusi kinaihitaji ili kuingia kwenye chembe imejificha chini yake, na kirusi kinapozunguka katika damu, kingamwili nyingi haziioni.

Ala hiyo huvuliwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Chembe hai hukimeza kirusi na kukifungia ndani ya kifuko chenye tindikali. Humo vimeng'enya vinavyotumika kusaga chakula na takataka za chembe huanza kuikata protini ya kirusi, vikiondoa kifuniko cha sukari. Sasa kisu kiko wazi. Kinajishika kwenye protini ya mwili iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusafirisha kolesteroli, kisha protini ya kirusi hugeuka umbo kwa ghafla, ganda la kirusi linaungana na utando wa kifuko, na maagizo ya kirusi yanamwagika ndani ya chembe. Kuanzia hapo chembe hiyo inakitumikia kirusi.

Kingamwili ya Kikwit huishika sehemu hiyo iliyofichwa kabla kirusi hakijamezwa. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba haibanduki. Kingamwili nyingine huachia ndani ya tindikali, au huondoka pamoja na kifuniko kinapokatwa. Hii hubaki imeng'ang'ania hadi mwisho, na kirusi kinapotaka kujishika kwenye NPC1 kinakuta nafasi imekwisha kukaliwa.

Hesabu za Beni na Butembo

Majaribio yaliyoanza Novemba 2018 yalisimamiwa na taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kongo, INRB, ambayo Muyembe alikuwa mkurugenzi wake, pamoja na taasisi hizo za Marekani. Wagonjwa 681 waliandikishwa, katikati ya vita na vituo vya matibabu vilivyokuwa vikishambuliwa. Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikwisha kuonekana. Miongoni mwa waliopewa mAb114 walifariki takribani 35 katika kila 100. Waliopewa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, 34. Dawa nyingine mbili zilibaki nyuma: ZMapp 50 na remdesivir 53.

Wastani huo unaficha jambo linalowahusu zaidi wakazi wa mpakani. Kwa wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, vifo kwa mAb114 vilikuwa takribani 10 katika kila 100. Kwa waliofika virusi vikiwa vimejaa, vilikuwa 70. Dawa ni ileile. Kingamwili huzuia kirusi kuingia katika chembe mpya. Haiwezi kuzirudisha chembe zilizokwisha kuharibiwa. Watafiti walikadiria kwamba kila siku moja ya dalili kabla ya kuanza matibabu iliongeza uwezekano wa kifo kwa takribani 11%.

Kwa hiyo kipimajoto cha Mpondwe kilikuwa sehemu ya tiba, ingawa watu wengi waliopita pale walikiona kama usumbufu tu. Mwishoni mwa Agosti 2019, majuma machache baada ya matokeo kutangazwa, msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alitambuliwa kwenye ukaguzi wa mpaka huo na kutengwa Bwera. Alifariki siku chache baadaye. Hata hivyo, kati ya Juni na Agosti hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda kutokana na wagonjwa hao. Wahudumu wa afya wapatao 4,700 walikuwa wamechanjwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika, na sampuli zilipimwa haraka katika taasisi ya virusi ya Entebbe. Si jambo dogo kwa mpaka ambao Wakonzo wa Kasese na Wanande wa upande wa pili huuvuka kila siku kwenda sokoni, kanisani na msibani.

Vitone vya mafuta

Kulikuwa na njia nyingine ya kuikabili Ebola, ambayo haikufaulu, lakini imeacha urithi mkubwa. Badala ya kuibana protini ya kirusi, watafiti walijaribu kuzuia isitengenezwe. Walitumia vipande vifupi vya RNA vinavyozima maagizo ya jeni, wakavifungia ndani ya vitone vya mafuta vya ukubwa wa takribani nanomita 100. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa karibu mara mia nane ya hapo. Dawa ya aina hiyo, TKM-130803, ilijaribiwa Sierra Leone mwaka 2015 kwa wagonjwa waliozidiwa. Majaribio yalisimamishwa kwa kukosa dalili ya manufaa.

Mwaka 2018 dawa iliyojengwa kwa mbinu hiyohiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa tofauti kabisa. Ini hutengeneza protini iitwayo transthairetini, yenye sehemu nne zilizoshikana, inayobeba homoni ya tezi na vitamini A. Kwa watu waliorithi kasoro fulani, sehemu hizo huachana, hujikunja vibaya na kujisuka kuwa nyuzi ngumu ziitwazo amiloidi, ambazo hujazana kwenye mishipa ya fahamu na moyo. Vitone vya mafuta huenda kwenye ini kwa urahisi, nako dawa hupunguza utengenezaji wa protini hiyo. Miaka miwili baadaye vitone vya namna hiyo vilibeba chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya Covid-19.

Pale ambapo umbo si lile

mAb114 iliidhinishwa Marekani Desemba 2020 kwa jina la Ebanga, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipendekeza rasmi pamoja na REGN-EB3, ambayo sasa inaitwa Inmazeb. Ebanga hutolewa mara moja tu kwa njia ya mshipa. Upatikanaji ni suala jingine: Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limelalamika kwamba sehemu kubwa ya akiba ya dawa hizi imo Marekani, ilhali wagonjwa wako Afrika. Muyembe kwa upande wake ameshikilia kwamba sampuli za damu za Wakongo zisiendelee kuondoka nchini kama zilivyoondoka mwaka 1976.

Kwa Uganda kuna ugumu zaidi. Dawa hizi mbili zinakitambua kirusi cha aina ya Zaire, kile kilichovuka Mpondwe. Ebola iliyozuka Mubende Septemba 2022 na kuua watu 77, na ile ya Kampala ya Januari 2025, zilikuwa za aina ya Sudan. Aina nyingine iligunduliwa mwaka 2007 upande wa pili wa milima ya Rwenzori na kupewa jina la wilaya ya Bundibugyo. Virusi hivyo vina protini ya nje inayofanya kazi kwa namna ileile, lakini sehemu ambayo kingamwili ya Kikwit huishika imepangwa tofauti kiasi kwamba haiwezi kutegemewa. Kingamwili za kuzikabili aina hizo zimetumika kwa wagonjwa kama dawa za majaribio tu, na mwaka 2025 Kampala ilianza kupambana na Ebola ya Sudan bila dawa hata moja iliyoidhinishwa.