Waliosikia Kilio cha Mtoto

Tunasoma katika kitabu cha Mwanzo jinsi Hajiri alivyomlaza mwanawe chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Mungu aliisikia sauti ya kijana huyo. Jina lenyewe, Ishmaeli, maana yake ni Mungu husikia.

Hospitali zilichelewa kujifunza kusikia hivyo. Hata katika miaka ya 1970, wengi waliamini kwamba mtoto mdogo hasikii maumivu kama mtu mzima, au kwamba huyasahau upesi. Wengine walihofu kwamba dawa kali zingemzuia kupumua. Muuguzi mmoja wa Marekani, Jo Eland wa Chuo Kikuu cha Iowa, akaamua kuhesabu. Kati ya watoto 25 waliofanyiwa upasuaji, 13 hawakupewa dawa yoyote ya kutuliza maumivu. Wale 12 waliobaki walipewa dozi 24 kwa jumla. Lakini watu wazima 18 wenye hali kama zao walipewa dozi zaidi ya 600. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1977.

Hatusemi kwamba watoto hao walichukiwa. Waliowahudumia walitaka wapone. Ila mtoto alipolia, ilidhaniwa ni woga tu. Aliponyamaza, ilidhaniwa haumwi. Kumbe mtoto huweza kunyamaza kwa sababu anajua akisema anaumwa atachomwa sindano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tulsa, Oklahoma, muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker walikuwa wakiwahudumia watoto walioungua moto. Wadogo walishindwa kueleza ukali wa maumivu yao kwa namba. Basi wakapewa karatasi zenye duara tupu, wachore nyuso: kuanzia ya asiyeumwa hadi ya anayeumwa kupita kiasi. Kutokana na michoro hiyo zilipatikana nyuso sita, ya kwanza ikitabasamu na ya mwisho ikitokwa na machozi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuonyesha kwa kidole uso unaofanana na hali yake, na muuguzi akajua la kufanya. Leo nyuso hizo zinatumika katika nchi nyingi.

Nasi je? Mara ngapi tumesimama kando ya kitanda cha mtoto tukamwambia, "Jikaze, usilie," kisha tukasifu ukimya wake kana kwamba ni imani? Tumemwekea mikono na kumwombea bila kumwuliza anaumwa wapi. Bwana Yesu alimwuliza yule kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote.

Basi tuendapo kuwatembelea wagonjwa, tuinamie kitanda cha mtoto, tumwulize, na tuliamini jibu lake. Akisema anaumwa, tumwite muuguzi. Kisha tuombe.